Dhahabu Inaondoka, Halmashauri Inabaki

Tuseme mgodi umeuza dhahabu ya shilingi trilioni 1 kwa mwaka. Mrabaha wa asilimia 6 ni shilingi bilioni 60, nazo huenda Hazina. Ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni bilioni 10, nazo huenda hukohuko. Halmashauri ambayo shimo limechimbwa katika ardhi yake, ambayo barabara zake zinabeba malori na zahanati zake zinapokea watu waliofuata kazi, hupata ushuru wa huduma. Kwa kiwango cha asilimia 0.3 kilichotumika miaka mingi, hiyo ni bilioni 3. Hesabu hii haijafichwa popote, na waweka hazina wa Shinyanga na Geita wanaijua kwa kichwa. Kinachobishaniwa ni kama ni haki, na kama ni busara kwa nchi inayotaka miji yake ya ndani ikue.

Ubishi huo nimeuandika kwa namna ya mazungumzo. Wazungumzaji nimewatunga, lakini hoja ni za watu wa ukanda huu na za Dodoma pia. Yupo Diwani wa kata inayopakana na mgodi upande wa Geita. Yupo Mweka Hazina mstaafu, aliyezitumikia halmashauri kadhaa za huku. Yupo Mchumi, kijana anayefanya kazi za bajeti Dodoma. Na yupo Mama wa Mashine, anayekoboa mpunga Kahama na ana nyumba za kupangisha. Mchimbaji mmoja ataingia katikati. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

DIWANI: Nianze na historia, maana vijana wanadhani tulizaliwa tunalalamika. Mgodi wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000. Mikataba ya wakati ule ilisema kampuni itailipa halmashauri dola 200,000 kwa mwaka, basi. Bei ya dhahabu ikipanda, dola 200,000. Uzalishaji ukiongezeka, dola 200,000. Tulikaa hivyo zaidi ya miaka kumi kabla ya kuanza kulipwa asilimia ya mauzo. Katika miaka hiyo watu walihamia Geita kutoka kila pembe ya nchi, wakaja na wake na watoto wao. Madarasa yakafurika, visima havikutosha. Leo mtu anatoka Dodoma anatuuliza kwa nini tuko nyuma.

MCHUMI: Mheshimiwa, ile dola 200,000 ilikuwa kosa, na kosa hilo lilishaondolewa. Lakini kuna jambo lazima tulikubali kwanza. Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inasema madini ni mali ya Watanzania wote, Rais anayashika kwa niaba yao. Mtoto wa mkulima wa tumbaku kule Ushetu hana mgodi nyuma ya nyumba yao, na darasa analihitaji kama wa kwako. Mrabaha unaokwenda Hazina ndio unaochangia mishahara ya walimu na elimu bila ada tangu 2016. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Ukiigawa dhahabu kwa wenye mashimo, utapata halmashauri chache zinazojenga kila mwaka na nyingine zote zinatazama.

DIWANI: Hakuna aliyesema tugawane yote.

MCHUMI: Hajasema bado. Kila mjadala wa namna hii huanza na asilimia 5.

MWEKA HAZINA: Mwanangu, hoja yako ya Ushetu naiheshimu, na tutairudia. Ila wote wawili mnaongea juu ya ukubwa wa fungu. Mimi nimekaa kwenye kiti cha hesabu, na kilichonisumbua hakikuwa ukubwa. Ngoja niwapangie miaka. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kabisa, tukaambiwa madaraka yamepelekwa mikoani. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, zikaanza kazi tena 1984. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu kodi ile ilikuwa inakusanywa na mgambo, mwanamume anakimbilia porini kwa kukosa elfu chache. Tukaahidiwa ruzuku ya fidia. Ilikuja, halafu ikapungua. Mwaka 2016 kodi ya majengo ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Mwaka uliofuata ada za mabango zikafuata. Mwaka huohuo wa 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake, na baadhi ni sababu nzuri kabisa. Lakini mimi nilikuwa natengeneza makadirio kila Januari, na kila Juni Sheria ya Fedha inapita, naambiwa chanzo fulani si chako tena.

Hapa naomba nisimame. Watu wengi wanaposikia fedha za halmashauri wanafikiria kikapu: nani ameweka ngapi, nani ametoa ngapi. Mzee huyu anasema jambo zito zaidi. Vyanzo vilivyoondoka, hasa kodi ya majengo, ni vile vinavyokua mji unapokua. Vilivyobaki kwa sehemu kubwa ni vile vinavyomkamata mtu akiwa safarini na gunia lake, au mlangoni mwa duka lake dogo. Halmashauri ikiishi kwa geti la ushuru, kazi yake kubwa inakuwa kulinda geti. Haina cha kupata mtu anapojenga ghala, anapoongeza ghorofa, anapofungua karakana. Tunaiomba ilete maendeleo, kisha tunapanga mambo ili maendeleo yakija yasiiguse.

MAMA WA MASHINE: Hilo nilitaka kulisema mimi, mmeniwahi. Sijawahi kukataa kulipa. Nakataa kulipa kila ninapogeuka. Mpunga ukitoka shambani una ushuru. Nina leseni, nina ushuru wa huduma, nina taka, nina zimamoto. Mkusanyaji mmoja akiondoka mwingine anabisha hodi, ana mashine ya POS mkononi, na sijui huyu ni wa leo au ni wa jana aliyebadili shati. Sasa angalieni nyumba zangu. Mpangaji akinunua umeme, LUKU inakata shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 18,000. Mjane wa mtaa wa pili mwenye nyumba ya bati lililochakaa, naye ana mita, naye anakatwa hiyohiyo. Ghorofa ni 90,000 kwa kila ghorofa, iwe imekaa barabara kuu au uchochoroni. Miaka ya karibuni barabara ya mbele ya nyumba zangu imetengenezwa vizuri. Nilipandisha kodi ya vyumba. Ile nyongeza nimeiweka mfukoni, na mpangaji ndiye anayelipa LUKU juu yake. Mnaona ni sawa?

MCHUMI: Si sawa, Mama. Lakini naomba tusijidanganye juu ya huko tulikotoka. Wakati halmashauri zinakusanya zenyewe, nyumba nyingi hazikuwa zimethaminishwa kabisa. Daftari la tathmini likitengenezwa linakaa miaka bila kuguswa. Wenye nyumba kubwa walikuwa na simu za wakubwa. Ilipofika Agosti 2021, LUKU ikafanya ndani ya miezi michache kile ambacho halmashauri nyingi hazikukiweza kwa miaka. Inamfikia kila mwenye mita, haina mgambo, haina rushwa ya mlangoni.

MWEKA HAZINA: Na nyumba isiyo na umeme haimo kabisa, na hoteli yenye mita moja inakaa sawa na familia moja. Ila nakubali: njia ya kukusanyia ni nzuri. Wala mimi sisemi mita ziondolewe. Mita ibaki kuwa dirisha la kulipia. Kiwango kipangwe na halmashauri kwa thamani ya jengo, na fedha iingie akaunti ya halmashauri siku hiyohiyo. Hivi sasa tunarudishiwa sehemu tu, kwa wakati wanaoutaka wao.

MCHUMI: Thamani ipatikane wapi? Wathamini hawatoshi nchi nzima.

MWEKA HAZINA: Freetown, Sierra Leone, hawakuwa nao pia. Mwaka 2020 jiji lile lilianza kuhesabu nyumba kwa picha za satelaiti, kisha kila nyumba ikapewa alama kwa mambo yanayoonekana kwa macho: ukubwa wake, paa, ukuta, imekaa kwenye barabara ya namna gani. Hakuna anayehitaji shahada kuona kwamba nyumba hii ina vigae na ile ina bati. Kahama wenyeviti wa mitaa wanazijua nyumba zote kwa majina ya wenye nazo.

MAMA WA MASHINE: Wanajua na za kwangu. Sina pa kujificha.

Naegemea upande wa mzee hapa, bila kusita. Kahama ni ushahidi ulio wazi kuliko wote wa ukanda huu. Mgodi wa Buzwagi ulianza kuzalisha 2009 na ukafungwa 2021. Ni miaka kumi na miwili tu. Ungetegemea mji uliofungiwa mgodi mlangoni usinyae. Kahama haikusinyaa, mwaka huohuo ilipandishwa kuwa manispaa. Iliibeba biashara: mchele unaokobolewa na kina mama kama huyu, wachimbaji wadogo wanaokuja kununua vifaa, malori ya kwenda Rwanda na Burundi, bandari kavu ya Isaka iliyo karibu. Utajiri wa kudumu wa Kahama uko kwenye majengo, maghala, viwanja na maduka. Na hapo ndipo halmashauri yake imenyang'anywa mkono.

Nzega, jirani zetu wa Tabora, walitangulia kuonja. Mgodi wa Golden Pride ulikuwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya dhahabu ya zama hizi, ukaanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 2014 ulikuwa umekwisha. Mwadui, kwenye almasi za Kishapu, ni habari tofauti: mwanajiolojia Williamson aligundua mwamba ule mwaka 1940 na hadi leo unachimbwa. Lakini nani awezaye kupanga bajeti ya wilaya kwa kutegemea kwamba shimo lake litakuwa Mwadui na si Buzwagi?

DIWANI: Ndiyo maana nasema tulipwe sasa, wakati shimo bado lipo! Mmenipeleka kwenye nyumba za Kahama. Nyumba ni sawa, lakini kwenye kata yangu nyumba nyingi ni za tope, na mlima umeshageuka shimo. Nikisubiri watu wangu wajenge ghorofa ndipo nitoze kodi, dhahabu itakuwa imefika Ulaya zamani. Wakenya wameandika kwenye sheria yao ya madini ya 2016: mrabaha asilimia 70 serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii yenyewe. Kongo, kwenye sheria yao ya 2018, asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka za chini, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Uganda tangu 2003 waliweka fungu la wilaya na la mwenye ardhi. Sisi tunaongoza kwa dhahabu kuliko hao wote watatu, na fungu la mrabaha kwa halmashauri ni sifuri.

MCHUMI: Mheshimiwa, nenda Kwale, hukohuko Kenya, kaulize. Titani ilianza kusafirishwa kutoka pale mwaka 2014, mgodi ukafunga uzalishaji Desemba 2024. Sheria ya 20 na 10 ilikuwepo tangu 2016, na kaunti na vijiji vilisubiri miaka na miaka kuona fedha. Asilimia nzuri iliyoandikwa, mfumo wa kuitoa haukuandikwa. Kongo nako fedha za kobalti zimefika kwenye akaunti za chini, na watu wa maeneo yale bado wanauliza zimekwenda wapi. Asilimia peke yake haijengi darasa.

DIWANI: Kwa hiyo kwa sababu jirani alichelewesha chakula, mimi nilale njaa?

MCHUMI: Hapana. Nasema tukipika, tujue sufuria, tujue mpakuaji.

Wakati huo Mchimbaji ameingia, buti zina tope jekundu. Ana hisa kwenye maduara mawili, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, moja likiwa na maji. Anasikiliza kidogo, kisha anauliza kama wachimbaji wadogo nao wamo kwenye hesabu hii au ni migodi ya Wazungu tu.

MCHIMBAJI: Mnaongea kama dhahabu yote inatoka kwenye mashimo makubwa. Nendeni Rwamgasa, Nyarugusu, Mwakitolyo, Kakola. Tulikuwa tunauza kwa broka gizani, mzigo unaishia Mwanza au unavuka mpaka. Mwaka 2019 serikali ikatuondolea ile kodi ya zuio ya asilimia 5 na VAT ya asilimia 18, na Machi 17 mwaka huo soko la kwanza la dhahabu likafunguliwa Geita. Tangu hapo nauza sokoni. Miaka mingi nilikatwa mrabaha 6, ukaguzi 1, halmashauri 0.3. Jumla 7.3, na risiti nikapewa. Sina ugomvi na kukatwa. Ninachouliza ni hiki: mvua ikinyesha, mifuko ya mawe haifiki kwenye karasha kwa sababu daraja halipo. Siku tatu maduara yamesimama, siku tatu nchi nayo haina mrabaha. Nani ana kazi ya kulijenga lile daraja?

MWEKA HAZINA: Halmashauri, au wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, kutegemea barabara.

MCHIMBAJI: Wote wawili wananiambia hakuna fedha. Na mimi nimewapelekea wote wawili, leo asubuhi.

Alikunywa maji akaondoka, ana mwalo wa kusimamia. Swali lake ninaliona kuwa zito kuliko mifano yote ya Kwale na Kongo, kwa sababu limegusa ukuaji wenyewe. Daraja lile halihitaji huruma ya mtu, linajilipa. Mawe yakifika kwenye karasha siku tatu zaidi kila masika, Hazina inavuna asilimia 7 na halmashauri chini ya nusu asilimia. Anayevuna zaidi hayupo karibu na daraja, na aliye karibu na daraja hana mavuno ya kutosha kulijenga. Hilo ndilo pengo lenyewe la mfumo wetu, na linaonekana kwenye kila njia ya machimbo kuanzia Bukombe hadi Mbogwe.

MCHUMI: Kuna fedha za CSR. Tangu marekebisho ya 2017, kampuni lazima iandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Hapo Geita mipango hiyo inahesabiwa kwa mabilioni. Daraja lingeingia humo.

DIWANI: Liingie mara ngapi? Kila mwaka tunakaa mezani na kampuni, tunabishana bei ya saruji, bei ya matairi, miezi inapita. Kampuni ina wanasheria na wahandisi, sisi tuna mhandisi mmoja mwenye gari bovu. Mradi ukikamilika, jiwe la msingi lina jina la kampuni. Mwananchi anadhani zahanati ni zawadi.

MAMA WA MASHINE: Mimi kodi yangu haina jiwe la msingi.

Na bado kuna watu wenye nia njema wanaodhani CSR itajaza pengo la kodi. Siamini. Fedha inayopatikana kwa mazungumzo ya kila mwaka inaweza kujenga zahanati, lakini haiwezi kumlipa nesi wa miaka ishirini ijayo, wala benki haiwezi kuikopesha halmashauri kwa kuitegemea.

MCHUMI: Sasa umefika pale ninapotaka. Kukopa. Kama halmashauri zingekuwa na mapato ya kueleweka, zisingehitaji kusubiri ruzuku kujenga stendi au soko. Tanga, mamlaka ya maji ilitoa hatifungani mwaka 2024 ya shilingi bilioni 53.12 kwa miaka kumi, na wawekezaji wakaomba zaidi ya kiasi kilichotafutwa. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Kwa nini Geita au Kahama wasifanye hivyo?

MWEKA HAZINA: Kwa sababu ya swali moja ambalo mwenye fedha huuliza. Mapato yako ya mwaka wa tano yatakuwa kiasi gani? Mamlaka ya maji inajibu: nina wateja kadhaa, wana dira, wanalipa kila mwezi. Mimi nilipokuwa kwenye kiti nisingeweza kujibu hata ya mwaka unaofuata. Ningesema nini? Kwamba inategemea Bunge la Juni litachukua chanzo kipi? Na mgodi nao una mambo yake. Machi 2017 usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, ulipozuiwa, mgodi wa Bulyanhulu ukapunguza kazi, uchimbaji wa chini ukasimama mwaka huohuo na haukurudi kwa nguvu hadi baada ya makubaliano ya Januari 2020 na kampuni ya Twiga kuundwa. Uamuzi ule ulikuwa wa taifa na una watetezi wake. Lakini ushuru wa huduma wa Msalala, halmashauri ya mgodi huo, unafuata mauzo, na mauzo yakisimama, halmashauri inasimama nayo. Hakuna aliyeifidia kwa vita ambavyo haikuvianzisha.

MCHUMI: Marekani miji ilikopa kwa kutegemea ongezeko la kodi ya majengo. California walianza 1952: mji unakopa leo, unatengeneza eneo lililodorora, majengo yanapanda thamani, ile kodi ya ziada inalipa deni.

MWEKA HAZINA: Na mwaka 2012 jimbo hilohilo likavunja mamlaka zake zote za namna hiyo, kwa sababu kodi ya ziada ilikuwa inakwepeshwa shule. Nimeisoma. Ila angalia: wao walikuwa na kodi ya majengo ya kukopea. Sisi tumeipeleka TRA. Huwezi kukopa kwa shamba ambalo hati yake iko kwa mwingine.

Mchumi alinyamaza kidogo. Naona hapa ndipo mjadala ulipogeuka, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuja na hoja ya ukuaji, akakuta inamrudisha kwa mzee. Fedha nyingi zisizotabirika hazimfai mtu anayetaka kujenga. Fedha ya wastani inayojulikana miaka kumi mbele inafaa. Kwa hiyo kinga ya kwanza ninayoitaka mimi si asilimia yoyote ya dhahabu. Ni kifungu cha sheria kinachosema chanzo cha halmashauri hakiondolewi bila kingine cha thamani ileile kuwekwa mahali pake katika sheria hiyohiyo, kwa mwaka huohuo. Ruzuku ya fidia ya 2003 ilitufundisha kwamba ahadi iliyo nje ya sheria hupungua mwaka hadi mwaka mpaka isahaulike.

MAMA WA MASHINE: Mnanipa hofu kidogo. Mnaongea kana kwamba halmashauri ikipata fedha itajenga. Mimi nasikia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zikitangazwa redioni. Fedha mbichi, kila mwaka fedha mbichi: mtu anakusanya, anatumia kabla hajafika benki. Mikopo ya asilimia 10 ya kina mama, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu kulikuwa na vikundi hewa. Kina mama wa kweli, waliokuwa wanarejesha, walikaa zaidi ya mwaka bila mkopo kwa makosa ya watu wasiokuwepo. Sasa mnataka kuwaongezea wale wale mabilioni ya mrabaha?

DIWANI: Mayu, na mabilioni yakikaa Dodoma, unayaona?

MAMA WA MASHINE: Sioni. Ndiyo maana siwapi nyote wawili hadi mniambie nitaonaje.

MWEKA HAZINA: Haki yako. Na mimi naomba tuirudie Ushetu, nilimuahidi kijana. Tuchukue ile trilioni 1 ya mauzo. Mrabaha bilioni 60. Asilimia 10 yake ni bilioni 6. Usizitupe zote kwenye halmashauri yenye shimo. Bilioni 4 zibaki kwa wenye shimo, maana barabara inavunjika kwao na maji yanachafuka kwao. Bilioni 2 ziende kwa halmashauri nyingine za mkoa, kwa hesabu ya watu na umaskini. Shimo likiwa mkoani Shinyanga, Ushetu inapata, na hata Shinyanga vijijini inapata. Hazina inabaki na bilioni 54 na ada yake ya ukaguzi. Halmashauri ya mgodi iliyokuwa na 3 inakuwa na 7. Na Bulyanhulu ilishatufundisha kwamba mgodi mmoja unaweza kugusa mikoa miwili, Msalala huku na Nyang'hwale kule, kwa hiyo sheria itaje mipaka mapema, watu wasigombane.

DIWANI: Asilimia 10? Wakenya wana 30 kwa kaunti na jamii.

MWEKA HAZINA: Wanazo kwenye karatasi, umesikia habari za Kwale. Nipe 10 inayofika kila robo mwaka kuliko 30 ya kuombea.

MCHUMI: Naweza kuitetea 10 mbele ya wakubwa wangu. Kwa sharti: igharimie vitu vinavyobaki. Barabara za machimbo, maji, soko, ramani ya viwanja vilivyopimwa. Shimo likifungwa, mji uwe na kitu cha kutoza kodi.

DIWANI: Nakubaliana na vitu. Ila usinifunge mikono hadi nishindwe kununua dawa za zahanati.

MCHUMI: Dawa zina fungu lake. Nikuulize bila kupamba, Mheshimiwa. Baraza lako litakubali sharti kwamba hakuna shilingi ya mrabaha itakayolipa posho, gari wala safari?

DIWANI: Likilazimishwa na sheria, litakubali. Likiachiwa hiari, sikuahidi.

MCHUMI: Basi sharti linaandikwa kwenye sheria ileile inayotoa asilimia 10.

MAMA WA MASHINE: Na kijiji kiandikiwe ubaoni kila robo mwaka: imeingia ngapi, imekwenda daraja gani, fundi ni nani. Kwa Kiswahili, kwa tarakimu zinazosomeka. Bila hilo mimi simo.

MWEKA HAZINA: Hilo halina gharama, liandikwe. Na kodi ya nyumba zako irudi Kahama. Ujue utalipa zaidi ya 18,000.

MAMA WA MASHINE: Nitalipa. Ila alama za nyumba zibandikwe ofisi ya mtaa, za kwangu na za mwenye hoteli, karatasi moja, kila mtu asome.